Somo la Kumi na Mbili

Kila Jumanne, saa nne kamili asubuhi, Nalukui alipiga makofi mawili akajibu swali. Alikuwa na miaka minane. Mwaka wa kwanza alikuwa na minane, wa pili minane, na huu sasa ulikuwa mwaka wa tisa na bado ana minane ile ile, bado sauti yake nyembamba inatoka kwenye spika ya korido pale jengo la redio, Lusaka, ikimwambia mwalimu kwamba samaki watatu ukiongeza wanne ni saba. Kaburi lake liko hapo hapo mjini, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Mwalimu aliyekuwa anamuuliza hayo maswali ni mama yake mzazi, Namakau. Ikifika saa nne kasoro dakika tano, Namakau alitoka ofisini na kikombe chake cha chai, akasimama chini ya ile spika, akajisikiliza akiuliza na akamsikiliza mwanawe akijibu. Mwaka wa kwanza wale akina dada wa taipu walimwonea huruma, wakawa wanapunguza sauti. Yeye alinyoosha mkono akairudisha juu, bila neno. Mwaka wa tatu walishaacha. Watu wakazoea, kama watu wanavyozoea kila kitu, hata jambo ambalo ukimsimulia mgeni anakutazama mara mbili kuona kama uko sawa.

Wengine walisema yule mama amechanganyikiwa. Waongo hao. Namakau alikuwa na akili zake timamu kuliko wengi waliomsema, na hilo ndilo lililomtesa, maana mwenye akili timamu hasahau.

Alizaliwa uwandani, magharibi mwa nchi, upande wa Kalabo, kule ambako maji yakipanda kila mwaka watu wanafunga virago na kuhamia ng'ambo kwenye mchanga mkavu, na yakishuka wanarudi. Alisoma misheni, akawa mwalimu, akapangiwa shule yenye safu nne za wanafunzi na kitabu kimoja cha kusomea. Mwalimu aliyemtangulia alikichana kile kitabu vipande vinne ili kila safu ipate chake. Safu ya kwanza ilisoma mwanzo wa hadithi miaka yote na haikupata kujua iliishaje. Safu ya nne ilijua mwisho, lakini ilikuwa inauliza huyu sungura ametokea wapi. Namakau alijaribu kuwazungusha wabadilishane, lakini kurasa zilikuwa zimelegea kama vitambaa vya kudekia na nyingine zilishapotea. Kwa hiyo redio ya taifa ilipotangaza kwamba inatafuta walimu wa kusoma masomo ya shule kwa Silozi, lugha ya Walozi wenzake, hakuulizia mshahara. Aliwaza kitu kimoja tu, kwamba redioni safu zote nne zitasikia mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu anauliza swali, mtoto aliye studio anajibu, kisha mwalimu analirudia swali na kunyamaza sekunde nane, ili watoto walioko madarasani nchi nzima nao wajibu. Sekunde nane ni nyingi sana kwa aliyekaa mbele ya kipaza sauti. Unasikia damu yako masikioni. Kwanza walileta watoto wa wakubwa wa ofisini, nao wakajibu Silozi cha mjini, kikavu, utadhani wanasoma risiti. Namakau akasema atamleta wake. Nalukui alilelewa na bibi yake Kalabo mpaka alipofika miaka saba, na lugha ilimkaa mdomoni vizuri kabisa.

Alimpa mwanawe sharti moja. Humu ndani mimi si mama, mimi ni Mwalimu. Ukiniita mama tu, kanda imeharibika.

Mtoto alilishika hilo. Kilichomshinda ni makofi. Bibi alimfundisha kwamba mkubwa akikuuliza jambo hukurupuki tu na jibu, unapiga kwanza makofi mawili, viganja vimekunjwa kidogo ili visilie kwa kiburi, ndipo unafungua mdomo. Swali la kwanza studio, pa, pa, samaki saba. Nyuma ya kioo, fundi mitambo akaruka kwenye kiti maana mshale wa mashine ulikuwa umepiga hadi mwisho.

Fundi huyo alikuwa Habeenzu, Mtonga. Walozi na Watonga ni watani, na wawili hawa waliutendea utani haki. Habeenzu alikuwa akimwambia kwamba Walozi wanakula samaki mpaka nzi wanawafuata hadi kanisani. Namakau alimwambia kwamba Mtonga akipewa achague kati ya mke na ng'ombe ataomba muda wa kufikiri. Siku ile Habeenzu alifungua mlango akasema, "Mama Nalukui, hapa hakuna mfalme wenu. Mwambie mtoto aache kunipigia makofi, ataua mashine ya serikali." Walijaribu mara tatu. Mtoto akishika mikono yake chini ya meza, jibu nalo halitoki, anabaki anatazama tu. Mwishowe Habeenzu alisogeza kipaza sauti nyuma kidogo, akasema haya, Mlozi mdogo, piga. Makofi yakabaki kwenye kanda zote kumi na mbili.

Sasa tufike kwenye hiyo ya kumi na mbili.

Ilikuwa Alhamisi. Studio ilikuwa yao mpaka saa sita mchana, halafu inakwenda kwa watu wa kilimo kwa wiki tatu, na masomo yalitakiwa kuanza kusikika Jumanne inayofuata. Nalukui aliamka mwili wa moto. Namakau alimpa klorokwini, akamvika sweta, akambeba mgongoni hadi kituo cha basi, mtoto wa miaka minane, akijiambia kwamba homa kila mtoto anapata. Nusu ya kwanza ilikwenda. Nusu ya pili majibu yakaanza kuchelewa. Makofi yalikuja, halafu kimya, halafu jibu kwa chini chini. Zikiwa zimebaki dakika chache, taa nyekundu inawaka na kanda inazunguka, mtoto alisema, "Mama, nimechoka."

Namakau alimjibu, "Bado moja tu."

Swali likaulizwa, likajibiwa, kipindi kikaisha. Habeenzu akachukua wembe, akakata kipande kuanzia "Mama" mpaka kabla ya swali la mwisho, akaunganisha, akasema kwamba hakuna atakayejua. Nalukui alifariki Jumapili alfajiri. Jumanne saa nne alikuwa hewani, somo la kwanza, mzima wa afya, anahesabu samaki.

Msibani watu walimngoja Habeenzu. Kila aliyekuwepo alijua wajibu wa mtani ni nini. Anakuja na vituko, analala kwenye mkeka wa marehemu na kukoroma, anaficha sufuria ya buhobe, ugali wa Walozi, mpaka apewe nyama, anawatukana wafiwa mpaka mmoja acheke kwa lazima, na aliyecheka anapata pa kupitishia pumzi. Habeenzu alikuja. Akakaa ukutani, kofia katikati ya magoti, hakusema neno hata moja toka asubuhi mpaka maziko. Wabibi waliotoka Kalabo walinung'unika waziwazi, Mtonga gani huyu, kwao wameishiwa maneno? Mwingine alisema amelewa.

Namakau alijua hajalewa. Watu waliosikia yale maneno yaliyokatwa walikuwa wawili tu duniani, yeye na huyu. Akausoma ule ukimya kama hukumu. Amenihukumu, alijiambia, na ana haki. Tangu siku hiyo miaka tisa walifanya kazi kioo kimoja katikati yao, yeye anasema tayari, yule anasema anza, jioni wanaagana kwa heri. Utani ulikufa kabisa. Baba yake Nalukui naye alirudi kwao Senanga mwaka ule ule, kwa sababu kila Jumanne mwanawe alikuwa anamjibu mtu kwenye redio ya jirani na yeye hakuweza kumjibu. Wala simlaumu.

Namakau alibaki. Na kila mara masomo yalipozunguka mpaka Jumanne ya kumi na mbili, chai yake ilipoa mkononi. Wengine wote walisikia somo. Yeye alisikia mahali palipokatwa. Palikuwa na kama kikwazo kidogo, pumzi inaanza na haimalizi, halafu sauti yake mwenyewe, ya furaha kabisa, inauliza swali la mwisho. Alijua sekunde yenyewe. Usiombe kujua kitu cha namna hiyo.

Halafu kulikuwa na barua. Watoto wa shule waliandika, siyo kwa mwalimu, kwa Nalukui. Karatasi za daftari, penseli, zinanukia moshi na samaki. Nalukui, mimi pia nina miaka minane. Nalukui, huku maji yameingia darasani, kwenu je? Nalukui, mwalimu wako ni mkali? Mwaka wa kwanza Namakau alizifungia kwenye droo. Mwaka wa pili alijibu moja. Aliandika kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko uwe wa mtoto, akaweka na jina la Nalukui chini. Kuanzia hapo alijibu zote. Aliyemwandikia Nalukui akiwa darasa la pili alikuja kumwandikia tena yuko darasa la saba, anauliza mbona wewe huhami darasa, umerudia? Hiyo Namakau hakuijibu, aliilaza tu chini ya mto.

Mwaka wa tisa, bei ya shaba iliyokuwa inailisha nchi ilipoanguka, kila kitu cha nje kiliadimika, sabuni, vipuri, na kanda za redio. Wakati huo huo ukaja mtaala mpya. Mkuu wa vipindi vya shule alimwita Namakau, akamkalisha, akamwagizia chai. Alikuwa mtu mstaarabu, sitaki kumsingizia. Alisema masomo yale kumi na mawili yamepitwa, yataandikwa mapya, na kwa kuwa hakuna kanda nyingine, yatarekodiwa juu ya zile zile. Mwalimu atakuwa Namakau mwenyewe.

Miaka hiyo redio kaseti ilikuwa kitu cha wakubwa, na kunakili kanda kulitaka kanda ya pili, ambayo haikuwepo. Nalukui hakuwahi kurekodiwa mahali pengine popote. Picha yake ilikuwepo moja, ya ubatizo, uso hauonekani. Namakau alisema zifutwe kumi na moja, aachiwe moja tu. Akataja ya kumi na mbili. Kwa nini aliitaja hiyo na siyo ya kwanza, yenye kicheko na afya, hata yeye hakujua.

Mkuu akasema kwa upole, "Nikikuachia hiyo, Mama Nalukui, watoto wa somo la kumi na mbili watasoma nini?"

Namakau ndiye aliyewahi kufundisha kwa kitabu cha vipande vinne. Alijikaza, akamaliza chai, akauliza kama anaweza kwanza kwenda kuona shule moja, aone watoto wanavyosikiliza kabla hajaandika mapya. Alikubaliwa. Akapiga hesabu ya wiki, akachagua shule ya upande wa kwao, na akachagua Jumanne ya kumi na mbili.

Alisafiri kwa basi mpaka Mongu, halafu siku nzima ya mtumbwi juu ya uwanda uliojaa maji, nyasi zinakwaruza chini ya miguu. Shule ilikuwa kwenye kilima kidogo kilichotokeza juu ya maji. Mwalimu wa darasa la pili, kijana aitwaye Muyunda, alimpokea akamweka benchi la nyuma. Redio ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, na betri zake zilikuwa zimeanikwa juani toka asubuhi ili zipate nguvu. Watoto zaidi ya sitini walisimama. Namakau alipiga goti akawapigia makofi bila kutoa sauti ya mdomo. Walijua sauti yake kuliko za shangazi zao, na yeye hakutaka kujulikana. Muyunda aliwaambia mgeni ni wa wizara, ana koo bovu.

Saa nne muziki ukapiga, watoto wakanyoosha migongo. Mwalimu wa redio akawasalimu, nao wakaitikia. Nalukui akasalimu, nao wakamwitikia zaidi. Swali la kwanza, makofi mawili kutoka redioni, jibu. Swali likarudiwa, zikaingia zile sekunde nane ambazo Namakau kwa miaka yote aliziona kama shimo. Mikono mia moja na ishirini ikapiga kwa pamoja, pa, pa, viganja vimekunjwa, halafu jibu kwa sauti moja, mpaka vumbi likaanguka darini.

Muyunda alimwinamia sikioni. Alisema wanafanya hivyo hata kwake, hesabu, dini, chochote. Alipohamia hapo kutoka mgodini alidhani wanamdhihaki, akachapa watu viboko wiki nzima, mpaka mzee mmoja akamwambia hiyo ndiyo namna ya redio. Shule zote za uwandani ziko hivyo, alisema. Namakau alitazama chini. Bibi mmoja wa Kalabo, asiyejua kusoma, alikuwa amefundisha adabu wilaya nzima kupitia mikono ya mjukuu wake.

Somo likafika nusu. Namakau alizikunja ncha za kitenge chake na kuzishika. Mwalimu wa redio akauliza swali, na hapo kikatokea kitu ambacho hakukitarajia. Watoto hawakumngoja Nalukui. Kabla hajapiga makofi walipiga wao, wakajibu wao, kwa sauti kubwa, wakamfunika kabisa. Swali lililofuata, hivyo hivyo. Makofi dhaifu ya redioni na lile jibu la chini chini havikusikika tena. Mahali palipokatwa pakapita ndani ya kelele zao, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule Namakau hakupasikia. Swali la mwisho walilijibu wakiwa wamesimama, kwa nguvu zote, kama watu wanaozuia mlango.

Kipindi kilipoisha, Muyunda aliinua mabega. Somo hili tu ndilo hufanya hivi, alisema, nimewauliza hawanieleweshi.

Namakau alijisahau. Alichutama karibu na msichana wa mwisho kwenye benchi, mwenye pengo la meno mawili, akamuuliza, "Mbona leo mmemkatiza Nalukui?"

Yule mtoto aligeuka taratibu. Aliitambua sauti. Alipiga makofi mawili, macho kamtolea.

"Leo anaumwa, Mwalimu," alisema. "Dada yangu aliniambia, na yeye aliambiwa na wa kabla yake. Somo la kumi na mbili Nalukui anaumwa. Kwa hiyo tunamjibia sisi, apumzike."

Mtoto akaongeza, bila ubaya wowote, kwa vile alitaka kujua, "Kwa nini humruhusu akalale?"

Miaka tisa alingoja mtu amuulize swali hilo. Alimtarajia Habeenzu, au mume wake, au padri, na usiku mwingine alimtarajia Nalukui mwenyewe. Hakumtarajia huyu. Nadhani zilipita sekunde nane, au zaidi. Namakau akapiga goti kwenye sakafu ya mchanga, mwanamke mzima mbele ya mtoto, akapiga makofi mawili kama anayejibu mkubwa.

"Nitamruhusu," alisema.

Aliporudi Lusaka hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja na vumbi lake mpaka chumba cha mitambo, akamkuta Habeenzu anasafisha vichwa vya mashine kwa pamba, akamwambia yote, kuanzia betri juani mpaka goti. Maneno mengi kuliko waliyosemezana kwa miaka tisa. Habeenzu hakumkatiza. Alipomaliza, fundi alifungua kabati lake la vifaa, akatoa kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo, chini ya skrubu, kisanduku cha kiberiti. Ndani ya kiberiti kulikuwa na kipande cha kanda kimejikunja, kirefu kama mkono.

Namakau alikijua kabla hajaambiwa. Akavuta kiti, akakaa.

"Sikuweza kukitupa," alisema Habeenzu. "Wala kukupa sikuweza."

Akakiunganisha na kanda tupu pande zote mbili, akakiweka mashineni, akamtazama kama anaomba ruhusa. Namakau akatikisa kichwa kukubali. Mashine ikavuma. Mama, nimechoka. Bado moja tu. Halafu, kitu ambacho Namakau alikuwa amekisahau, au hakuwahi kukisikia kwa jinsi alivyokuwa anatazama saa ya ukutani. Makofi mawili, mepesi mno, ya mtoto anayemkubalia mkubwa.

Alilia mpaka akakaukiwa. Habeenzu naye alilia, ila yeye alitazama ukutani. Kisha Namakau alimuuliza lile ambalo lilimkaa rohoni kuliko hata kifo chenyewe. Kwa nini msibani hukunitania? Uliniacha pale na uchungu wangu mbele ya watu, Mtonga, hukunipa hata tusi moja.

"Ningekutania kwa uso gani?" alisema Habeenzu. "Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa anatetemeka. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi, nikasema ngoja mama mtu aseme yeye. Na wewe bila shaka ulisema ngoja fundi asimamishe. Tulingojeana, Mama Nalukui."

Kumbe. Miaka tisa kila mmoja alikuwa ameketi upande wake wa kioo anajihukumu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye hakimu. Nje watu walikuwa wanafunga ofisi.

"Nitanie sasa," alisema Namakau.

"Sasa?"

"Sasa. Msiba wangu haukupata mtani mpaka leo."

Habeenzu alijifuta uso kwa ile pamba ya kusafishia mashine, ikamwachia doa jeusi shavuni. Aliitazama mashine, akamtazama yeye, midomo ikimcheza.

"Nyie Walozi," alisema. "Hata kufa mnapiga makofi kwanza kuomba ruhusa."

Namakau aliachama. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kikubwa, kibaya, kikachanganyika na kilio mpaka mlinzi akaja kuchungulia mlangoni. Akamjibu kwamba Mtonga angekufa mapema kama si kwamba anangoja ng'ombe wake watangulie. Ule utani ukaanza tena kupumua, dhaifu kama mtu aliyetoka hospitali.

Kanda zilifutwa zote kumi na mbili. Namakau hakukaa nje, alisimama pale pale akaangalia zikizunguka. Kile kipande alikwenda nacho nyumbani, ndani ya kiberiti chake. Hana mashine ya kukipigia na hajawahi kuitafuta. Masomo mapya alisoma na mtoto mwingine, mvulana mwenye sauti nzuri, na hakumkataza kitu. Lakini la kumi na mbili alilisoma peke yake. Alianza hivi: "Hamjambo, watoto. Leo Nalukui amechoka, amekwenda kulala. Leo nijibuni ninyi." Kwenye maandishi yaliyopitishwa hayo maneno hayakuwemo. Habeenzu aliona, akajifanya anatafuta penseli chini ya meza.

Lilipokwenda hewani mara ya kwanza, Jumanne saa nne, wawili hao walisimama koridoni chini ya spika, kila mmoja na kikombe. Swali la kwanza likaulizwa. Sekunde nane zikaanza, na spika ikabaki na ule mvumo wa kanda kuukuu. Namakau alifumba macho, akauona uwanda umejaa maji na mikono midogo imeinuka. Kwenye sekunde ya tano au ya sita, ndani kabisa ya ule mvumo, mbali mno, palisikika kitu. Pa, pa. Taratibu, viganja vimekunjwa.

Alifumbua macho. Habeenzu alikuwa amezifuta zile kanda mara tatu, kwa mkono wake, yeye akishuhudia. Alimtazama fundi, na fundi alikuwa ameganda, kikombe kimesimama karibu na mdomo.

"Umesikia?" aliuliza Namakau.

Swali la pili likaulizwa.

"Kunywa chai yako, Mlozi," alisema Habeenzu, akashusha kikombe chake bila kuonja. "Mtoto amelala."